Ruta Inapogoma



Katika milima ya chai ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet, ambako mvua ya alasiri huandamana na radi na mawe, na umeme hukatika ghafla, si ajabu ruta ikawasha taa zake na hali intaneti haipatikani. Basi kwanza tazameni taa iliyoandikwa LOS, kwani ikiwaka nyekundu, kasoro yamkini i katika waya wa nje, na dawa yake ni kumwarifu mtoa huduma. Isipowaka, zimeni ruta, ngojeni nusu dakika, kisha iwasheni.

Ikiwa mawimbi ni dhaifu chumbani, iwekeni ruta mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na mabati na kuta nene za mawe. Na mfahamu kuwa mawimbi ya gigahatsi 2.4 hufika mbali kuliko yale ya 5, ingawa haya ya pili ni mepesi zaidi kwa kasi.

Anayetaka kuingia katika mipangilio, simu yake ikiwa imeungwa na ruta hiyo, na aandike katika kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, aghalabu 192.168.1.1. Aliyesahau nywila asikimbilie kubonyeza kitufe cha kurejesha hali ya kiwandani, maana hufuta hata taarifa za mtoa huduma; na amwulize kwanza.

Na radi ikinguruma, chomoeni plagi.