Mitumbwi Ikirudi Kibirizi

Mwalo wa Kibirizi huamka kabla ya mji wa Kigoma. Mitumbwi iliyokesha ziwani inarudi na dagaa na migebuka, akina mama wenye beseni wanasogea majini, bei inatajwa, pesa inahesabiwa papo hapo. Jua linapochomoza, mvuvi ana mgawo wake mfukoni, hajala tangu jana, hajalala, na mchana wote uko mbele yake bila shughuli.

Chukulia kwamba mvuvi huyo ameacha pombe miezi miwili iliyopita. Watu wanaopata nafuu kutoka kwenye uraibu hufundishana kujichunguza kwa mambo manne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Mtu akibanwa na lolote kati ya hayo, hamu ya kurudia humsogelea. Mvuvi wetu anashuka mtumbwini na mawili tayari, na juu yake ana pesa taslimu. Akianguka asubuhi hiyo, mtaani Mwanga watasema hana msimamo, na hakuna atakayeuliza siku yake ilipangwaje.

Kuacha ni jambo moja, kuishi baada ya kuacha ni jingine, na hili la pili ndilo tunaloliacha bila msaada.

Tazama Dar es Salaam. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, kisha Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kwa kawaida mtu hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kila siku. Dawa hiyo inazuia arosto, yale maumivu ya mifupa, kutapika na kukesha yanayomrudisha mtu kwenye unga, na nguvu yake inatosha siku nzima. Ni tiba iliyookoa watu, na haistahili kudharauliwa. Lakini kunywa dozi ni kazi ya dakika chache. Nani atamwajiri kibarua ambaye kila asubuhi lazima apite kliniki kwanza? Nauli ataitoa wapi? Atalala kwa nani, ikiwa ndugu walifunga mlango baada ya redio na sufuria kuuzwa?

Zanzibar walianzia kwenye maswali hayo. Mwaka 2009 Suleiman Mauly, ambaye mwenyewe aliwahi kutumia heroini, alianzisha nyumba ya upataji nafuu iitwayo Detroit. Nyumba za aina hii hufuata hatua kumi na mbili za Alcoholics Anonymous, chama kilichozaliwa Marekani mwaka 1935. Humo siku ina mgawanyo: kuamka kwa wakati, usafi, zamu ya jikoni, kikao cha kuzungumza kwa uwazi, ibada, usingizi. Aliyezoea kuihesabu siku kwa kete za heroini anajifunza upya kuihesabu kwa milo na kwa saa. Na hatari kubwa inamsubiri siku ya kutoka, kwa sababu mwili uliopumzika hauwezi tena kuhimili kiasi kile cha zamani. Kete aliyokuwa akiitumia kila siku inaweza kumuua.

Kwetu Kigoma, kilevi kilicho karibu na wengi ni pombe, gongo ikiwemo. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe za viroba, zile zilizokaa vizuri mfukoni mwa dereva wa bodaboda. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila marufuku haimpi mtu cha kufanya saa nane mchana. Na ifahamike: aliyekunywa sana kwa miaka asikate ghafla akiwa peke yake chumbani, maana anaweza kupata degedege. Aende kwanza kwa daktari, pale hospitali ya Maweni au kituo cha jirani.

Wapo pia walioacha pombe, kisha wakajitupa wazima wazima kwenye kitu kimoja. Huyu anakwenda ziwani usiku baada ya usiku mpaka mwili unakataa. Yule amehamia kwenye mikeka ya kubeti, na pesa ya mboga inapotea kama ilivyopotea kilabuni. Mwingine hatoki msikitini au kanisani, jambo jema, lakini mtoto wake bado hajakaa naye akala ugali. Mke aliyevumilia miaka mingi naye anadai sehemu yake ya nafuu hiyo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki walipewa miezi mitatu ya kuzaliana. Kwa mvuvi anayejaribu kuacha pombe, hiyo ni miezi mitatu bila kipato na bila kazi. Hapo ndipo familia, viongozi wa mwalo na wa dini walipaswa kukaa pamoja kabla nyavu hazijaanikwa.

Si lazima kungoja ziwa lifungwe. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika siku kadhaa, kila mwezi, kwa tarehe zinazojulikana. Nyumba yenye mtu anayepata nafuu inaweza kukaa leo jioni na kuzigawa siku hizo: nani atamshikia pesa, lini ataenda shamba la michikichi na kaka yake, nani atampikia chai asubuhi ya kwanza, na jirani gani atapita kumwita saa nane mchana.