Mwamba Ngoma Asivutie Kwake: Jinsi Makamishna wa Haki za Binadamu Wanavyopatikana

Mada ya elimu ya uraia kwa wakazi wa Kitui na Makueni



Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Anayewamba ngozi juu ya mzinga huivuta upande aliosimama, hata kama hakukusudia. Ndiyo sababu ngoma nzuri huwambwa na mikono mingi, kila mmoja akivuta upande wake, hadi ngozi ikae sawa. Mada ya leo inahusu ngoma ya aina hiyo: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo wengi huiita KNCHR. Ni nani huchagua makamishna wake? Na mkazi wa Mutha, Kyuso, Wote au Kibwezi ana nafasi gani katika uchaguzi huo?

Kwanza, swali lenyewe lina maana gani kwa mtu anayelima mawele na pojo? Katika Bonde la Mui, kaunti ya Kitui, ardhi iliyo na makaa ya mawe imewaacha wakulima kwa miaka mingi wakiuliza hatima ya mashamba yao. Mpakani mwa Kitui na Tana River, mizozo ya malisho na maji imegharimu maisha. Huko Makueni, uchimbaji wa mchanga mitoni umewahi kuleta umwagaji wa damu, na ujenzi wa Bwawa la Thwake ulizitaka familia zihame. Kila moja ya habari hizi ina upande wa haki za binadamu: haki ya kuishi, ya kumiliki mali, ya kupata maji na chakula, na ya kusikilizwa. Kifungu cha 59 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kulalamika kwa tume iwapo haki zake zimekiukwa au ziko hatarini. Tume ina uwezo wa kuchunguza, kuita mashahidi na kudai stakabadhi, hata kutoka kwa ofisi ya serikali. Kwa hivyo anayekalia kiti cha kamishna ndiye atakayeamua kama malalamiko ya mnyonge yatafunguliwa au yatalala kabatini.

Ni vyema kufahamu tume hii ilikotoka. Mwaka wa 1996, Rais Daniel arap Moi aliunda Kamati ya Kudumu ya Haki za Binadamu. Wanachama wake waliteuliwa na Rais, na ripoti zao zilikwenda kwa Rais. Ngoma iliwambwa na mkono mmoja. Sheria ya mwaka wa 2002 ndiyo iliyoleta tume yenye msingi wa sheria ya Bunge, nayo ilianza kazi mwaka wa 2003 chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Maina Kiai. Kisha Katiba ya 2010 ikaipa tume mizizi ambayo haiwezi kung'olewa kwa amri ya mtu mmoja. Mwaka wa 2011 Bunge liligawa kazi za Kifungu cha 59 kwa tume tatu: KNCHR, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hushughulikia malalamiko ya huduma mbovu katika ofisi za umma. Wakati huo Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba alikuwa Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni, ambaye baadaye alikuwa seneta wa kwanza wa Makueni.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya wengi. Liko shirika lisilo la kiserikali linaloitwa Kenya Human Rights Commission, ambalo miongoni mwa waanzilishi wake ni Willy Mutunga na Makau Mutua, wazaliwa wa Kitui. Shirika hilo lilianzishwa na wanaharakati, na lina bodi yake. KNCHR ni tume ya Katiba, inayolipwa kwa kodi ya mwananchi. Majina yanafanana, lakini njia ya kupata viongozi wake ni tofauti kabisa.

Sasa hatua za kuwapata makamishna. Sheria ya mwaka wa 2011 inasema tume iwe na mwenyekiti na makamishna wengine wanne. Kifungu cha 250 cha Katiba kinaweka milango mitatu ambayo kila mmoja wao lazima aipitie: atambuliwe na kupendekezwa kwa njia iliyowekwa na sheria, aidhinishwe na Bunge la Kitaifa, kisha ateuliwe na Rais. Mlango mmoja ukifungwa, mtu huyo hawi kamishna.

Mlango wa kwanza ni jopo la uteuzi. Rais huunda jopo hilo, lakini wanachama wake hutoka katika ofisi za serikali na pia katika vyama vilivyo nje ya serikali. Jopo hutangaza nafasi zilizo wazi katika magazeti ya kitaifa, hupokea maombi, huwachuja waombaji na kuwasaili. Anayeomba ni lazima awe na shahada kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa, awe na ujuzi na uzoefu wa miaka mingi katika kazi yake, na atimize matakwa ya Sura ya Sita ya Katiba kuhusu uongozi na uadilifu. Mbunge au mwakilishi wa wodi aliye kazini hawezi kuwa kamishna. Vivyo hivyo kwa afisa wa uongozi wa chama cha siasa. Jopo likimaliza kazi, humpelekea Rais majina ya waliofaulu, na majina hayo huwa mengi kuliko viti. Rais huchagua kutoka katika orodha hiyo. Hawezi kumchukua mtu ambaye hakuomba wala kusailiwa.

Mlango wa pili ni Bunge la Kitaifa. Majina ya wanaopendekezwa hupelekwa kwa kamati ya Bunge inayohusika na haki na masuala ya sheria, na huko hupigwa msasa hadharani. Wabunge huuliza kuhusu elimu, mali, kodi, kesi za zamani na msimamo wa mtu kuhusu haki. Kisha kamati huandika ripoti, na Bunge zima huamua kuidhinisha au kukataa. Wakikataa, Rais hutakiwa kuleta jina jingine.

Jambo moja husahaulika hapa. Seneti haipigi kura katika uamuzi huu, na gavana hana sauti ya kisheria ndani yake. Wanaoamua ni wabunge. Kitui ina maeneo bunge 8 na Makueni ina 6. Ukiongeza wawakilishi wawili wa wanawake, kaunti hizi mbili zina kura 16 kati ya wabunge 349. Kura hizo 16 ni za wananchi, na mwananchi ana haki ya kumuuliza mbunge wake alipiga vipi, na kwa sababu gani.

Mlango wa tatu ni uteuzi rasmi. Bunge likiidhinisha, Rais huwateua kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, nao hula kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Katika kikao chao cha kwanza makamishna humchagua naibu mwenyekiti miongoni mwao. Katiba inataka mwenyekiti na naibu wake wasiwe wa jinsia moja.

Mtu akishaapishwa, ni nini kinachomzuia kugeuka kipaza sauti cha aliyemteua? Katiba imeweka vizuizi vitatu. Kamishna huhudumu muhula mmoja tu wa miaka 6, na hawezi kuteuliwa tena. Asiye na muhula wa pili wa kutafuta hana sababu ya kumpendeza mtu. Pili, mshahara wake hulipwa moja kwa moja kutoka kwa Mfuko wa Pamoja wa serikali, na hauwezi kupunguzwa ili kumwadhibu. Tatu, hawezi kufutwa kazi kwa simu ya usiku. Kifungu cha 251 kinataja sababu za kumwondoa: kuvunja Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, utovu mkubwa wa nidhamu, kushindwa kazi kwa sababu ya afya ya mwili au akili, kutojua kazi, au kufilisika. Anayetaka aondolewe huwasilisha ombi kwa Bunge la Kitaifa. Bunge likiridhika, hulipeleka kwa Rais, ambaye huunda mahakama maalum ya kuchunguza, ikiongozwa na mtu ambaye ni jaji au aliyewahi kuwa jaji wa mahakama ya juu. Mapendekezo ya mahakama hiyo yanambana Rais, na ana siku 30 za kuyatekeleza.

Mpangilio huu haukuanzia Kenya pekee. Mwaka wa 1993 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Paris, zinazotaka tume za namna hii ziwe huru, zichaguliwe kwa njia ya wazi, na zionyeshe sura ya jamii nzima. KNCHR imeshikilia daraja la A, lililo la juu zaidi katika kipimo hicho, tangu mwaka wa 2005. Daraja hilo hukaguliwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na njia ya kuwachagua makamishna ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa.

Hata hivyo, mpangilio mzuri una upenyo wake. Makamishna walioingia mwaka wa 2014 walimaliza muhula wao mwaka wa 2020. Kwa kuwa walikuwa wameingia pamoja, walitoka pamoja, na tume ikabaki bila makamishna hadi wenzao wapya walipopatikana. Wafanyakazi wa tume waliendelea na kazi, lakini nyumba isiyo na mwenyewe haifungi milango vizuri. Jopo likichelewa kuundwa au jina likichelewa mezani, anayeumia ni mlalamishi. Kwa hivyo mwananchi anayefuatilia tarehe za mihula hafanyi siasa. Analinda mali yake.

Kuna swali linaloulizwa katika kila baraza: je, mtu wetu yumo? Swali hilo lina msingi. Katiba inataka muundo wa tume, ukitazamwa kwa jumla, uonyeshe sura ya maeneo na makabila ya Kenya. Lakini viti ni vitano, na makabila ya nchi ni zaidi ya arobaini. Hakuna kabila lililoahidiwa kiti, na kamishna hatumwi na ukoo wake. Mkulima wa Mui akihamishwa bila fidia, hatasaidiwa na kamishna anayezungumza Kikamba lakini anaogopa kuita mashahidi. Atasaidiwa na yule anayefungua faili, hata akiwa ametoka Turkana au Kwale. Swali la pili basi linafaa kuulizwa pamoja na la kwanza: mtu huyu aliwahi kusimama na nani kabla ya kuomba kazi hii?

Na jibu la swali hilo mara nyingi liko vijijini, wala haliko Nairobi. Sheria ya mwaka wa 2011 kuhusu kuidhinishwa kwa watu wanaoteuliwa na umma inamruhusu mtu yeyote, kabla ya kikao cha msasa, kumpelekea Karani wa Bunge la Kitaifa maelezo ya kiapo yenye ushahidi kuonyesha kwamba anayependekezwa hafai. Mkazi anayejua jambo anaweza kufuata hatua hizi:

Asome au asikilize tangazo la Bunge katika magazeti na redio, zikiwemo zinazotangaza kwa Kikamba. Tangazo hutaja majina, siku na mahali pa kikao.

Aandike anachokijua yeye mwenyewe, pamoja na tarehe na mahali, na aambatanishe stakabadhi. Uvumi wa sokoni haukubaliki.

Aape maelezo hayo mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, na ayafikishe kwa Karani kabla ya siku iliyotajwa. Yakichelewa huwa yamepitwa na wakati.

Mwenye sifa naye asiogope kuomba. Kaunti hizi zina walimu, wauguzi, mawakili na wafanyakazi wa mashirika ya kijamii waliotetea wanyonge kwa miaka mingi. Tangazo la nafasi haliulizi mtu ametoka kaunti gani. Huuliza amefanya nini. Makueni imejijengea sifa nchini kwa kuwashirikisha wananchi katika mipango ya kaunti kuanzia ngazi ya kijiji. Mazoea hayo ya kuuliza na kujibiwa yanaweza kufika pia katika milango ya tume za kitaifa.

Kwa wenye malalamiko, huduma ya KNCHR ni bure. Makao makuu yako Nairobi, na kuna ofisi za kanda, zikiwemo za Mombasa, Kisumu, Kitale na Wajir. Mkazi wa Kitui au Makueni anaweza kwenda Nairobi, kuandika barua au kupiga simu. Akumbuke kwamba tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Malalamiko dhidi ya polisi yanaweza pia kupelekwa kwa mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, IPOA.

Ngoma ya haki imekwisha kuwekwa wazi uwanjani. Jopo linavuta upande wake, Rais anavuta wake, wabunge wanavuta wao. Upande wa nne ni wa mwananchi, na ukiachwa bila mkono, ngozi italegea hapo hapo.

Maswali na yaanze.