Wembe wa Handeni, Sindano ya Korogwe

Msikilizaji, likitajwa jina la Handeni, mkoani Tanga, Tanzania, wengi huwaza uganga. Lakini anayebisha hodi kwa mganga si lazima awe mgonjwa. Mmoja ana homa. Mwingine, mzima kama kigongo, anataka mvuto wa biashara au nguvu za kiume. Vyote huitwa dawa. Wembe unapita kifuani, mistari miwili mitatu, unga mweusi unasuguliwa juu ya damu: kachanjwa.

Jirani hapo Korogwe, watoto wasioumwa nao walichanjwa. Kuanzia 2009 wilaya hiyo ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Sindano ile haikumponya mtu. Iliuongezea mwili kinga ambayo haukuzaliwa nayo, na hilo, kwangu mimi, ni kuboresha kuliko kutibu.

Kwa hiyo tusimcheke wa chale kwa kutaka zaidi ya uzima. Tumuulize kipimo. Chanjo ilipunguza malaria kwa takriban theluthi moja kwa watoto waliopata dozi nne. Ile chupa ya dawa ya nguvu za kiume inayouzwa stendi, nani kaipima? Muuzaji anakujibu, “Jaribu kwanza, kaka.”