Kunyamaza si kukubali

Wamama, wababa na vijana mliohama makwenu sababu ya vita, nanyi wakubwa wa mitaa na vijiji vya Goma. Leo tunaongea neno ambalo wengi wanalitaja kwa sauti ya chini: ubakaji.

Mama mmoja anatoka kambini kutafuta kuni katika pori la Virunga. Wengi wenu mlifanya safari hiyo mlipokuwa Bulengo na Kanyaruchinya, kabla kambi hizo hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025. Anakutana na mwenye bunduki. Hapigi kelele, hakimbii, kwani anataka kurudi kwa watoto wake. Jioni watu wanamuuliza: "Mbona hukupiga kelele?"

Mzee, ulizo hilo sheria imelijibu. Tarehe 20 mwezi wa 7, 2006, Kongo ilitoa sheria mbili, namba 06/018 na 06/019. Ya pili inasema wazi: mtu akinyamaza, au asipojitetea, usihesabu kwamba alikubali. Ya kwanza inaeleza ubakaji wenyewe. Ni kuingilia mwili wa mtu, hata kidogo tu, kwa kiungo cha mwili au kwa kitu kingine, kwa nguvu, kwa kitisho, kwa kumshtukiza, au kwa kutumia ugonjwa wake asiweze kuamua. Mwanaume naye anaweza kubakwa. (Wengine wamecheka hapo. Waliotendewa hayo katika vita hivi hawacheki.) Na mtoto asiyetimiza miaka 18, hata akisema ndiyo, sheria inahesabu kuwa amebakwa.

Azabu ni kifungo cha miaka 5 mpaka 20. Aliyetumia silaha, au aliye na mamlaka juu ya mtu huyo, kwake azabu ya chini inaongezwa mara mbili.

Wakubwa, sasa ni zamu yenu. Mbuzi wawili na kreti ya bia havifungi mashitaka. Na kumwoza binti kwa nguvu kwa yule aliyemharibu ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Mkiletewa neno la namna hii, msikalishe baraza kwanza. Mpelekeni mtu hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita, apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na mama apate za kuzuia mimba. Siku zikipita, aende tu, kuna matunzo mengine. Aombe karatasi ya muganga, aiweke mahali pakavu pamoja na vyeti vya watoto. Hata kama leo haoni tribinali ya kumsikiliza, siku ya mashitaka itahitajika.