Kasuku Mmoja Tunduni: Je, Anahitaji Mwenzake?

Nakala ya mazungumzo na wakazi kuhusu ufugaji wa ndege wa nyumbani



Katika nyumba nyingi za mijini, hasa Pwani na Nairobi, kasuku wa kijivu ni mtu wa nyumbani. Ana jina lake. Humwita mama kwa sauti ya watoto, huiga mlio wa simu hadi watu wapapase mifuko, na mgeni akibisha hodi yeye ndiye wa kwanza kujibu karibu. Halafu siku moja anaanza kujinyonyoa. Manyoya ya kifuani yanatangulia kuisha, kisha ya mapajani, mpaka ngozi inabaki wazi. Kichwa peke yake hubaki na manyoya yake yote, kwa sababu mdomo haufiki kichwani. Hapo ndipo mwenye ndege anapomwendea daktari wa mifugo na swali: je, ni upweke? Atafutiwe mwenzake?

Kwamba kasuku anahitaji kasuku mwenzake, hilo halina ubishi mkubwa tena. Ugumu uko kwenye namna ya kumpata huyo mwenzake, maana njia inayowajia watu wengi kwanza ni kwenda kwa mtu anayeuza ndege kwa siri, na njia hiyo ni kosa kisheria. Pia humaliza upweke wa ndege mmoja kwa kumtenga mwingine na kundi lake.

Inafaa kuanza na maisha ya ndege huyu porini. Kasuku wa kijivu ni wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na ukingo wa mashariki kabisa wa makazi yake unafika Kenya, kwenye msitu wa Kakamega, ambako sasa wamebaki wachache mno. Jioni hukusanyika kulala pamoja kwenye miti mirefu, mamia kwa mamia, na mahali ambapo hawajawindwa huweza kufika maelfu. Dume na jike hukaa pamoja kwa muda mrefu, hutaga kwenye pango la mti, na hulishana mdomo kwa mdomo. Mtoto hukaa kiotani karibu miezi mitatu, na hata akishatoka bado hujifunza kwa wakubwa wake chakula kilipo na sauti za kundi zina maana gani. Siku nzima wanaitana. Anayeita asipojibiwa hupandisha sauti.

Hapo ndipo kunapotokea lile jambo linalowafurahisha watu, yaani kusema. Kasuku huiga sauti za wale anaowahesabu kuwa kundi lake. Porini angejifunza sauti za kasuku wenzake. Sebuleni hakuna kasuku, kwa hiyo hujifunza hodi, kikohozi cha babu na king'ora cha gari la jirani. Anayepiga kelele kila nyumba inapobaki tupu asihesabiwe kuwa ni mkaidi. Anaita kundi na kundi limekwenda kazini.

Wataalamu wamelipima jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kulea kasuku wachanga wa Amazon, baadhi wawili wawili na wengine mmoja mmoja. Waliolelewa peke yao walianza tabia za kurudiarudia bila sababu, kama kutembea huku na huko juu ya kijiti kimoja. Waliokuwa na wenzao hawakuonyesha hayo, walipiga kelele kidogo zaidi na walitumia muda mwingi kuchezea vitu walivyowekewa. Kwa mwenye ndege anayehofu kwamba kasuku akipata mwenzake atamsahau binadamu wake, utafiti huo una habari njema: wale wa wawili wawili hawakuwa wagumu zaidi kushikwa.

Utafiti wa pili unagusa mwili wenyewe. Mwaka 2014, watafiti wa Vienna, nchini Austria, walichunguza damu ya kasuku wa kijivu 45. Ndani ya kila seli kuna nyuzi za urithi, na ncha za nyuzi hizo hufupika kadiri kiumbe anavyozeeka na kusumbuka. Ndege wachanga waliokuwa wakifugwa peke yao walikuwa na ncha fupi sawa na za ndege wenye wenza waliowazidi umri kwa takriban miaka 23. Kwa ndege anayeweza kuishi miaka 40 hadi 60 akiwa kifungoni, hiyo si tofauti ndogo. Nchi ya Uswisi haikungoja hata matokeo hayo. Kanuni zake za mwaka 2008 zinataka kasuku wafugwe angalau wawili.

Hata hivyo, si kila kifua kilicho wazi kimeletwa na upweke. Viroboto wa ndege, vijidudu vya ngozi, ugonjwa wa ini, moshi wa jiko na chakula kibovu vyote huweza kumfanya kasuku ajinyonyoe. Kasuku wengi hupewa mbegu za alizeti asubuhi hadi jioni, chakula chenye mafuta mengi na upungufu mkubwa wa vitamini A. Sukuma wiki, karoti, pilipili hoho na boga vingemsaidia zaidi. (Parachichi asipewe kabisa, hata kipande. Ni sumu kwake.) Upo pia ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo, ambao huambukizwa kati ya kasuku na kasuku. Ndege mwenye virusi hivyo akiletewa mwenzake, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili. Ndiyo maana daktari huja kabla ya mwenza.

Sasa sheria. Kasuku wa kijivu si kuku wala njiwa. Ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ni kosa. Kuanzia tarehe 2 Januari 2017, spishi hii imewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, unaozuia biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini. Mwaka huohuo KWS ilitoa muda maalumu wa watu kujitokeza na kusajili kasuku wao. Aliyekuwa kimya wakati ule, au aliyerithi ndege baadaye bila karatasi, anashauriwa kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya KWS iliyo karibu kuliko kungoja afuatwe.

Ukali wa sheria hii una sababu. Tangu mwaka 1975, zaidi ya kasuku wa kijivu milioni moja walikamatwa porini na kusafirishwa kwa biashara ya kimataifa, bila kuwahesabu waliokufa kwenye mitego na njiani. Ghana, iliyokuwa na makundi makubwa, imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku wake tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Wategaji huwanasa kwenye miti wanakokusanyika, na mara nyingi hutumia kasuku aliyefungwa aite wenzake. Wito uleule wa kutafuta kundi ndio unaowaingiza kwenye ulimbo.

Kwa hiyo, mwenye kasuku mpweke afanye nini?

Njia iliyo bora ni kuwakutanisha ndege wawili ambao tayari wako mikononi mwa watu na wamesajiliwa. Kuna wazee waliobaki na kasuku wasioweza tena kumhudumia, na kuna familia zinazohama. Lakini ndege asihamishwe nyumba kwa maelewano ya mdomo tu. KWS waulizwe kwanza, na karatasi zibadilishwe. Akiuzwa ndege anayedaiwa kuwa wa kuzaliwa kwa mfugaji, aulizwe muuzaji kibali na pete ya mguuni. Anayesema karatasi zitafuata baadaye, aachwe na ndege wake.

Kuwakutanisha kwenyewe ni kazi ya subira, na watu wengi hukosea hapa. Ndege mgeni akae chumba tofauti angalau siku 30, na vyombo vyake visichanganywe na vya mwenyeji, mpaka daktari aridhike. Zaidi ya yale magonjwa ya manyoya, kuna homa ya kasuku, ambayo huambukiza binadamu pia na kuleta homa kali na ugonjwa wa mapafu. Aliye na ndege mgonjwa na akaanza kukohoa amwambie daktari wake kwamba nyumbani kuna kasuku. Baada ya hapo matundu mawili yawekwe chumba kimoja kwa mbali, kisha yasogezwe kidogo kidogo. Mkutano wa kwanza wa nje ya tundu ufanyike mahali ambapo hakuna anayepadai kuwa pake. Wapo wanaozoeana kwa wiki mbili, na wapo wanaohitaji miezi. Wengine hawapatani kabisa, na hao hukaa matundu mawili jirani, wakionana na kuitana, jambo ambalo bado ni bora kuliko ukuta mtupu.

Wale kasuku wadogo wa rangi wanaouzwa wawili wawili hawafai kuwa wenza wa kasuku wa kijivu. Mdomo unaovunja kokwa ngumu hukata kidole cha ndege mdogo kwa mara moja. Kioo nacho si mwenza. Ndege humlisha yule wa kwenye kioo, hajibiwi, na wengine huishia kuwa wakali.

Nyumba isiyoweza kupata ndege wa pili kihalali, na ndizo nyingi, inabaki na wajibu mzito, kwa sababu hapo watu wenyewe ndio kundi. Tundu lisiwekwe stoo wala varandani peke yake, bali pale familia inapokaa, upande mmoja ukiwa umeegemea ukuta ili ndege asihisi anavamiwa kutoka kila mahali. Atoke tunduni kila siku kwa saa kadhaa huku mtu akiwepo. Anapoita kutoka chumba kingine ajibiwe kwa mluzi au neno lilelile kila mara. Wengi hupunguza kelele wakishajua kwamba jibu litakuja. Chakula kingine kifichwe ndani ya kibunzi cha mahindi, kifuu cha nazi au karatasi iliyokunjwa, ili akitafute kama ambavyo angekitafuta msituni. Matawi ya mpera yasiyopuliziwa dawa ni mazuri kwa kutafuna. Usiku apate saa 10 hadi 12 za giza na utulivu, na kuwasha televisheni mchana kutwa kusihesabiwe kuwa ni kukaa naye.

Familia isiyo na mtu nyumbani kutwa, na ambayo bado haina kasuku, inashauriwa isianze.

Anayempeleka ndege kwa daktari amsafirishe asubuhi, kabla ya jua kali, ndani ya kisanduku chenye matundu ya hewa kilichofunikwa kitambaa. Abebe karatasi ya chini ya tundu yenye kinyesi cha usiku huo, picha ya tundu mahali linapokaa, na manyoya machache yaliyong'olewa. Ada na siku za huduma zinapatikana kwa afisa wa mifugo wa wadi.