Koti la Mbwa na Kipimo Chake



Nilipoombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya mifugo huko Mpanda, bila shaka mlitazamia habari za ng'ombe. Nitazungumza juu ya koti la mbwa. Tafadhali mcheke baadaye.

Ulaya mbwa huvikwa koti kwa ajili ya baridi. Mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hauna baridi ya namna hiyo. Haja yetu ilikuwa nyingine. Mzee mmoja wa njia ya Inyonga aliniletea mbwa wake jike, aliyechanwa tumbo na ngiri wakati wa kulinda mahindi. Nikasafisha kidonda, nikakishona. Lakini mbwa hulamba na kutafuna nyuzi mpaka kidonda kifumuke, na kikifumuka huoza. Ilibidi kifunikwe.

Kwa haraka nikamvalisha shati kuukuu la mtoto. Lilimbana kifuani, likapwaya tumboni. Kufika jioni alikuwa amekwisha livua, na nyuzi mbili zimekatika. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana Mifugo, shati hili lilipimiwa mtoto. Mbwa hukumpima."

Nilitahayari. Nilikuwa na shahada, lakini nilisahau futi.

Kesho yake, baada ya kukishona kidonda upya, tulikwenda kwa fundi cherehani. Tulimpima mbwa akiwa amesimama, maana akikaa mgongo hupinda na kipimo hudanganya. Vipimo vilikuwa vitatu: mzunguko wa shingo pale inapoungana na mabega; urefu kutoka hapo hadi shina la mkia; na mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, penye unene kuliko pote. Tuliacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Matundu ya miguu tuliyasogeza mbele na kuyapanua, ili asichubuke makwapa akitembea. Tulikata gazeti kwanza, tukamjaribisha, ndipo tukakata kitambaa. Kilikuwa cha pamba, kwa sababu ya joto, na kamba zilifungwa mgongoni asikozifikia kwa meno. Upande wa tumbo uliishia kabla ya mahali pa kukojolea. Angalikuwa dume, tungaliufupisha zaidi. Mzee alikuwa na makoti mawili, moja likifuliwa jingine linavaliwa.

Siku ya kumi na mbili nilitoa nyuzi. Mbwa akarudi shambani.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa tumekabidhiwa mikasi ya serikali. Tunakata mipango mezani, kisha tunashangaa inapochanika vijijini. Kabla ya kukata, twende tukampime atakayevaa, tena akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa mnaweza kucheka.