JITU LA MABOKSI
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Mukendo

  Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi, sanduku letu likiwa na kufuli zake tatu na hakuna siku limevunjwa.

Mambo ya hisa na mikopo ameshayasoma mweka hazina, hatuyarudii. Sisi tumepangiwa kulieleza lile jitu. Mmeliona hapo nje mlipoingilia, na wengine mmeshapiga nalo picha. Lakini mtaani maneno yamepita, eti akina mama wazima wa kikundi cha fedha wameacha biashara wanacheza na maboksi. Wengine wakafika mbali zaidi, wakasema hisa zimeliwa na gundi. Basi leo tuyamalize.

Yalipotangazwa mashindano ya ubunifu hapa kwetu, sharti lilikuwa kila kikundi kitengeneze roboti kubwa kwa maboksi yaliyokwisha kutumika, na roboti hiyo iseme shida moja ya mtaa. Shida hatukwenda kuitafuta mbali. Asubuhi watoto wanavuka lami kwenda shule. Bodaboda huku, bajaji kule, na mtoto wa darasa la kwanza hana kimo cha kuonekana na dereva wa lori. Mtoto wa mwenzetu mmoja alivunjwa mguu palepale, na mama yake yumo humu ndani. Hakuna aliyebisha.

Ila roboti yenyewe ifananeje? Hapo tulivutana. Vijana walitaka askari wa sinema mwenye bunduki. Ndipo mwanachama mmoja akatuonyesha kwenye simu picha za Kinshasa, kule Kongo. Mwaka 2013 wenzetu walisimamisha barabarani roboti za kuongoza magari. Zilikuwa za alumini, urefu karibu mita mbili na nusu, zinatumia umeme wa jua, zina kamera na taa nyekundu na kijani, zinageuka na kuinua mikono kama trafiki. Mwaka 2015 zikaongezwa nyingine. Na aliyezibuni ni mama, mhandisi Thérèse Kirongozi, pamoja na chama cha wanawake mafundi. Aliposomwa jina la mama, ubishi ukakoma. Bunduki ikaachwa, tukachagua trafiki.

Na wale wanaosema ni mambo ya kizungu, waulizeni jirani zetu Wasukuma. Pale Bujora, karibu na Mwanza, kwenye ngoma za Bulabo mwezi wa sita, Bagika na Bagalu wanashindana, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana tangu zamani wachezaji wa Kisukuma walichonga masanamu ya mbao yenye viungo vya kuchezeshwa. Tena mwaka 2025 wanyama wakubwa wa maboksi na mbao nyembamba, waliobuniwa na mafundi wa Cape Town, walianza safari Kinshasa mwezi wa Aprili wakafika kaskazini kabisa mwa Norway mwezi wa Agosti. Watu wazima ndio waliowatembeza.

Sasa kazi. Boksi, jamani, lina akili yake. Wauza duka mnajua: katoni za sabuni ukizipanga zikiwa zimesimama vizuri zinabebana hadi juu, ukizilaza ubavu za chini zinabonyea. Chana boksi utazame ukingo wake. Katikati ya karatasi mbili kuna karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi, inafanya vitundu vingi kama mabua yaliyopangwa. Mabua yakisimama yanabeba mzigo. Yakilala, unalikunja boksi kwa mkono mmoja. Kwa hiyo miguu ya jitu tuliikata vitundu vikiwa wima, tukaizungusha tabaka tatu. Pale kwenye kiwiko tukalaza vitundu, mkono upate kukunjika. Hatukununua hata bawaba moja.

Fundi cherehani wetu ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi, na alikuwa mkali. Hakumruhusu mtu kushika kisu kabla ya kielelezo. Alitengeneza kidogo cha futi mbili kwa boksi la biskuti, tukakiwekea feni tuone kinavyoyumba. Jitu lilitakiwa liwe la futi 12. Vijana wakadhani ni kuzidisha maboksi mara sita. Akawaambia hapana: urefu mara sita, upana nao mara sita, kwa hiyo boksi linalotakiwa ni mara 36, na hapo hujaongeza tabaka. Mabinti wa darasa la saba walilichora hilo chini kwa kijiti mpaka wakakubali. Walimu wao walitushukuru kuliko majaji.

Gundi tulipika ya unga wa ngano. Inashika, ila unyevu wa ziwa unailegeza, na panya nao wanaipenda mno. Viungo vikubwa tulivishona kwa shazia na uzi wa nyavu, kazi ambayo mama yeyote wa mwaloni haihitaji kufundishwa. Nyayo tulizijaza mawe, na Musoma mawe hayauzwi. Kifuani tuliacha madirisha, kwa sababu mchana upepo unatoka ziwani, na ubao mpana wa boksi unashika upepo kama tanga. Wengi wanadhani yale madirisha ni urembo.

Tukija kwenye fedha, sikilizeni vizuri. Maboksi tulipewa bure madukani. Unga shilingi 8,000, gundi nyeupe ya kuongezea 15,000, rangi 10,000, uzi na kamba 5,500. Jumla shilingi 38,500. Hazikutoka kwenye hisa wala mfuko wa jamii. Zilitoka kwenye faini za wanaochelewa mkutanoni, na wenyewe wamo humu wanacheka. Kwa uchelewaji ule tungeweza kujenga jitu la pili.

Tulipata nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa vijana waliotengeneza jitu la kuzoa taka, na kwa haki lilikuwa zuri, ingawa la kwao halikuinua mkono. Letu binti mmoja anaingia ndani, anavuta kamba, mkono wenye neno SIMAMA unapanda. Siku ya maonyesho tuliomba ruhusa tukalisimamisha pembeni ya barabara nusu saa. Bodaboda walisimama! Labda kwa kushangaa tu, lakini walisimama, na watoto wakavuka wakitembea, hawakukimbia.

Boksi halivumilii masika, hilo tunalijua. Kwa hiyo tumeandika barua kuomba alama za kivuko na matuta mahali pale, na picha ya jitu tumeiambatanisha. Wanachama wote wameshatia sahihi. Barua iko kwa mweka hazina, meza ya kushoto, na kalamu ipo. Wageni wetu na ninyi wazazi, tunaomba mpite pale kabla chakula hakijapakuliwa. Inapelekwa Jumatatu asubuhi, na yule mama mwenye mtoto ndiye atakayeikabidhi.